Somo Nililolisikia Nyuma ya Pazia

Nilipooa katika kijiji cha Merigi niliambiwa mambo mawili. La kwanza, msichana niliyepewa ni mchapakazi, nisije nikamfundisha uvivu wa kwetu Kapsoit. La pili, mama yake sasa ni mkwe wangu, na mkwe hakodolewi macho. Na si yeye peke yake, wakaniambia, bali kina mama wote wa rika lake pale kijijini, kwa sababu ukioa nyumba moja umeoa na majirani. Nilikuwa daktari tayari, nimeshapapasa matumbo ya watu ambao hata majina yao sikuyajua, nikacheka kimoyomoyo. Lakini nilifuata. Kwetu Wakipsigis mwanamume hamshiki mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani kila mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Tulipomtembelea, aliacha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mezani akatoka kwa mlango wa jikoni kabla sijamaliza kuvua gumbuti. Nilimjua kwa sauti yake akimkaripia ng'ombe nyuma ya nyumba, na kwa mgongo wake akienda shambani na kikapu cha majani chai. Tulikuwa na watoto watatu tayari, na bado sikuweza kusema mama huyu anafanana na nani.

Sikuona tatizo lolote. Niliona ni heshima, tena heshima isiyonisumbua.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Bomet. Akaja profesa mmoja mzee, mzungu mrefu aliyetembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Alitaka nchi hii iwe na madaktari wa familia. Alimaanisha daktari anayemjua mgonjwa pamoja na nyumba yake, anayejua mtoto anakohoa kwa nini kwa sababu amewahi kukaa kwenye jiko la mama yake na moshi ukamwingia yeye mwenyewe machoni. Shahada ya namna hiyo haikuwepo nchini. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeahidi kufungua idara, na idara haifunguki bila walimu. Ndipo Profesa akatuchukua sisi wawili ili atufanye walimu: mimi, na daktari mwenzangu mmoja, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka kando ya ziwa wakaja kufanya kazi kwenye chai. Yeye alizaliwa Kericho katika nyumba za wafanyakazi, baba yake akiwa fundi wa mashine kiwandani. Nafasi ya mhadhiri ilikuwa moja. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini tulilijua kama mbwa wawili wanavyojua kwamba mfupa ni mmoja.

Watu walitutania sana. Ukisema wewe ni daktari wa familia, mtu anakuuliza familia ya nani. Mke wangu alikuwa na lake: daktari wa familia ambaye familia yake inamwona Jumapili tu.

Mimi na Profesa tuligombana tangu mwanzo, ingawa ugomvi wote ulikuwa upande wangu. Nilisoma mahali ambapo kufundisha udaktari kulikuwa ni kutukana. Mwalimu anasimama kando ya kitanda, anakuuliza swali mbele ya mgonjwa, ukikosea anakuita ng'ombe, na mgonjwa anakuonea huruma. Nami nililipenda jambo hilo, kwa kuwa mara nyingi sikukosea. Profesa alikuwa na sheria mbili tu. Hakuna somo bila mgonjwa. Na mgonjwa ukimuuliza kitu, nyamaza mpaka akujibu. Kuuliza niliweza. Kunyamaza kulinishinda, maana jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla mgonjwa hajavuta pumzi. Mwenzangu aliweza yote mawili, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Sehemu ya mafunzo ilikuwa kwenda kufundisha wananchi huko nje. Mimi nilichagua kanisa la Merigi. Nilisema ni kwa sababu akina mama wa sehemu ile walituletea uvimbe wa titi ukiwa umeshapasuka, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka wakwe zangu waone wamempa nani binti yao. Nikavaa tai. Mchungaji akanikaribisha, nami nikawachapa kwa maneno. Niliwaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwaambia mama anayefunika uvimbe mpaka unuke asije akamsingizia Mungu. Niliwaambia hospitali iko, daktari yuko, kazi ni kwenu. Wanaume waliitikia amina. Akina mama walitazama sakafu, nami nikadhani wameguswa.

Mama mkwe alikaa nyuma, upande wa wanawake, leso imempanda mpaka shingoni. Niliijua hiyo leso kwa sababu tulimnunulia sisi. Uso wake sikuutazama, kwa heshima. Ibada ilipokwisha nikapewa chai na mandazi, na yeye alikuwa ameshaondoka. Njiani mke wangu akaniambia leo nimewachapa watu kweli kweli, nami nilitembea kifua mbele hadi nyumbani.

Mvua ndefu zilipoanza, majani yakawa mengi, na mke wangu akaenda kumsaidia mama yake kuchuna. Akamwinulia kikapu ili akitie mgongoni, na mkono wa kushoto ukakataa kupanda. Halafu akasikia harufu. Mama akasema ni mbolea. Mke wangu hakubishana naye. Alimshika pale pale katikati ya michai, akamfungua leso, akakuta matambara juu ya matambara, na majani ya dawa yaliyopondwa, na chini yake titi ambalo halikuwa tena titi. Jioni alirudi nyumbani na tope miguuni, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Mama anaoza,” akaniambia. “Na wewe uko hapo.”

Mimi nikiona aibu hukasirika kwanza, halafu baadaye sana ndipo huona aibu yenyewe. Nikapandisha sauti. Si alikuwa kanisani? Si alinisikia? Hao waganga wake wamemsaidia nini? Mke wangu alisema amemuuliza mama yake, akaambiwa tu kwamba alidhani akipaka dawa uvimbe utaisha. Basi, nikasema, ujinga. Nikaenda kulala na neno hilo, na lilinifaa.

Kesho yake akaletwa wodini. Nilimwomba mwenzangu ampokee mama mmoja wa Merigi. Sikumwambia ni mkwe wangu. Majina ya mke wangu na ya mama yake hayafanani, kwa hiyo hakuna aliyeng'amua, na mke wangu alifika saa za kuona wagonjwa kama binti mwingine yeyote. Nilishajigamba mno kwenye chumba cha chai cha madaktari kuhusu mahubiri yangu ya Merigi. Sasa niwaambieje kwamba mmoja aliyekuwa ameketi mle kanisani akioza taratibu ni nyanya wa watoto wangu? Mwenzangu alipotoka kumpima aliketi, akakoroga chai yake bila kuinywa, akauliza hawa mama wa huku huwa wanangoja nini. Nami nikajibu, “Ujinga tu.” Nililisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, nikachukua mkate.

Daktari wa upasuaji alisema atakata, lakini ugonjwa umeshafika kwapani, asiulizwe habari za miaka aliyobakiza mama. Siku ya kukatwa ikawekwa wiki iliyofuata. Mimi nilipita koridoni kila asubuhi na mafaili yangu, wanafunzi nyuma yangu, nikaruka ule upande wa dirishani alikolala. Mganga hajigangi, watu husema, na mimi niliutumia msemo huo kujificha.

Katikati ya haya ukafika mtihani wangu. Walimu wawili wa chuo kikuu walikuwa wanakuja kutuona tukifundisha, kila mmoja na somo lake mbele ya wanafunzi na mgonjwa. Mada yangu nilikuwa nimeichagua zamani, kabla ya haya yote, na sikuwa na ujasiri wa kuibadilisha: kwa nini mgonjwa huchelewa. Nilikuwa nimeandika majibu kwenye karatasi. Umbali. Umaskini. Waganga. Ujinga. Mgonjwa wangu alikuwa mama wa Sigor mwenye kidonda cha mguu alichokaa nacho mpaka mfupa ukaonekana. Alikuwa mchangamfu na alipenda kusimulia, na tulikuwa tumepatana.

Asubuhi ya mtihani nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Kwao kumetokea msiba, wamekuja kumchukua. Sista wa wodi akaniona nilivyobadilika rangi, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Yule mama wa dirishani aliwasikia wauguzi wakilalamika kwamba daktari wa Kapsoit atafeli kwa kukosa mgonjwa, akamwita, akajitolea mwenyewe.

“Amesema watumie yeye,” Sista akasema. “Anataka kusaidia daktari.”

Hapo palihitaji maneno machache tu: Sista, huyo ni mkwe wangu. Lakini maneno hayo yangeburuta na mengine, kwamba nimemficha, kwamba nimepita kitanda chake kama kitanda kitupu, kwamba yule niliyemwita mjinga kwenye chumba cha chai ni yeye. Profesa alikuwa ameshaingia mlangoni na wageni. Nikajiambia nitasimama miguuni pa kitanda, macho kwenye faili, na mwanafunzi ndiye ampime. Wakati mtu anaogopa, kila upuuzi huwa mpango.

Baadaye mke wangu alinieleza mama alivyofikiri. Kwa muda wote aliolala pale alikuwa akiniona napita na karatasi, na vijana nyuma yangu, wala siingii. Akaamua kwamba daktari mkubwa hukaa mezani kama chifu na kuwatuma wadogo. Kwa hiyo aliona anaweza kunisaidia mtihani wangu na bado adabu ikakaa mahali pake. Alikuwa anatimiza mila akijua mimi pia naitimiza.

Sista akavuta pazia kuzunguka kitanda. Wanafunzi wakaingia, wageni wakaingia, Profesa na mwenzangu wakaingia, mimi wa mwisho. Alikuwa ameketi wima, amevaa kanzu ya kijani ya hospitali, upande wa kushoto ameshaufungua mwenyewe tayari kwa wanafunzi. Aliinua uso, tukaonana. Anafanana na binti yangu mdogo. Paji ni lile lile, na namna ya kubana midomo ni ile ile. Kisha akaivuta shuka juu ya kifua, juu ya kichwa, akageukia dirisha, akabaki pale kitandani hana uso.

Mwanafunzi mmoja alidhani ameumia akataka kumwita muuguzi. Mgeni mmoja akaangalia saa. Profesa akaniuliza kwa upole kama niko tayari.

“Siwezi kumfundishia huyu,” nikasema.

Mgeni akauliza kwa nini.

“Ni mama mkwe wangu.”

Wanafunzi wa kwetu wakainamisha vichwa mara moja. Mwenzangu alinitazama, na nikaona anakumbuka ile chai, na lile neno langu. Kwao ziwani pia mkwe ni mkwe, hakuhitaji kuelezwa. Angeweza kunimaliza pale mbele ya walimu wale. Aliniambia tu nitoke, yeye atamuuliza mama kama anataka waendelee.

Nikatoka nikasimama upande wa pili wa pazia. Ningeweza kwenda zangu. Sikwenda.

Nilisikia kitanda kikilia, nikajua mwenzangu ameketi juu yake, jambo ambalo Sista alikuwa amelikataza. Alimsalimu kwa Kipsigis cha kuokoteza, kile cha watoto waliokulia kwenye nyumba za chai, mama akakicheka kidogo ndani ya shuka, halafu wakaingia Kiswahili. Akamwambia anaweza kukataa, hakuna atakayekasirika. Mama akasema hapana, alisema atasaidia. Akaulizwa uvimbe aliujua lini. Akasema tangu wakati wa kupanda mahindi mwaka jana. Hapo mwenzangu akamuuliza kwa nini hakuja, kisha akanyamaza.

Mimi huku nje nilikuwa na majibu manne mfukoni, na ningekuwa mle ndani ningekuwa nimeshayasoma yote.

“Ningekuja wapi?” mama akasema. “Hospitali ni hii. Na taktari ya hapa ndiye huyu ameoa msichana yangu.”

Mwenzangu akamwambia madaktari wako wengi.

“Sasa mimi ningejua ni nani ako kwa chumba? Unaitwa, unaingia. Nikiingia nipate ni yeye? Nifungue nguo?” Akapumua. “Hata kanisa alituambia tukuje. Mimi nikasema sawa, nitakuja siku hayuko. Nikawa nauliza watu wanatoka huku, leo taktari ya Kapsoit iko? Wanasema iko. Kesho nauliza tena. Iko. Huyo kijana anapenda kazi sana. Hakuna siku alikosa.”

Mimi nilishika nguzo ya pazia, nikaona aibu ambayo safari hii haikutanguliwa na hasira yoyote. Kumbe hakukuwa na umbali. Hakukuwa na ujinga. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa hospitali yake kila siku na koti langu jeupe, nikimwita aingie, na ni mimi niliyemzibia njia. Na kanisa lile zima, akina mama wale waliotazama sakafu, wote walikuwa wakwe zangu.

Mwenzangu akamuuliza basi leo imekuwaje amekubali.

“Walisema anatafuta mgonjwa ya mtihani,” mama akajibu. “Mtoto asianguke kwa sababu yangu.”

Somo likaisha. Walitoka mmoja mmoja na hakuna aliyenitazama, isipokuwa Profesa, ambaye aliniwekea mkono begani akauondoa. Sista akamtoa mama kwenda chumba cha kufunga vidonda. Njia kati ya vitanda ni nyembamba, na nilikuwa nimechelewa kuondoka. Aliponiona alijifunika shuka akageukia ukuta wake, nami nikageukia wangu, tukapishana hivyo, migongo imekaribiana kabisa. Akasimama kidogo.

“Umepita mtihani?” akauambia ukuta.

“Nimepita, Mama,” nikajibu upande wangu.

Nafasi ya mhadhiri alipewa mwenzangu, na aliistahili. Kwa miaka iliyofuata alilifundisha somo lile kwa vijana wengi, bila kututaja. Profesa alitaka niliandike kwa ajili ya jarida la madaktari, akasema lingenifungulia milango ya chuo. Nilikataa, naye hakunisukuma. Nililomwomba ni jambo moja, kwamba Alhamisi nisionekane hospitalini kabisa, na kina Sista waitangaze siku hiyo makanisani. Alielewa bila kuuliza. Hilo ndilo jambo la maana nililowahi kuifanyia Merigi kama daktari, kutokuwepo.

Mama alikatwa, akapona kidonda, akarudi kwa ng'ombe wake na kuwakaripia. Chai alichuna kwa mkono mmoja. Aliishi mpaka mvua ndefu nyingine zikaja na kupita, halafu ugonjwa ukarudi mgongoni. Kwa muda wote huo aliwasimulia majirani kwamba ni yeye aliyempitisha mkwewe mtihani mpaka akawa mwalimu. Mke wangu alijua ukweli na hakumsahihisha. Mazishini mchungaji akalitaja jambo hilo mbele ya watu wote, wakageuka kunitazama kwa fahari, nami nikatazama chini kama akina mama walivyotazama sakafu siku ile ya kanisani.

Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda kusimama kando ya ua wa misipresi. Mama mmoja wa rika lake akaja akasimama upande wa pili wa ua, amenipa mgongo, leso imempanda mpaka shingoni.

“Taktari,” akasema. “Alhamisi utakuwa hospitali?”

“Sitakuwa, Mama.”

“Basi nitakuja.”